Kabureta ya Bi Moza na Masikio ya Fundi Sefu

Unamwambiaje mtu kwamba hasikii? Ukimnong'oneza, hapati kitu. Ukipaza sauti, gereji nzima itakuwa imeshajua kabla yeye hajageuza shingo. Tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hadi Mfungo Tatu swali hilo lilininyima usingizi. Nililigeuza kama ninavyogeuza kila kitu, juu chini, ndani nje, mpaka mama akaniuliza kama kuna mtu amekuja kuniposa nami simtaki.

Ninyi mliobaki gerejini pale Nguvumali mmenisikia nikilitaja jina la Fundi Sefu kila siku, na kila mlipouliza aliondokaje nimewatuma spana. Kwenye hitima yake mwezi uliopita mmoja wenu aliniuliza tena, tukiwa tumekaa mkekani, na hapo sikuwa na spana ya kumtuma. Nikasema nitaandika. Na mimi sasa nimeondoka. Mtacheka nikisema nimestaafu, maana sijafika hata miaka thelathini na mitano, lakini kazi niliyoijua ni kabureta, na magari ya kabureta yamekwisha. Pale palipokuwa na meza yetu, Bosi Eliezeri ameweka mashine ya kupimia magari ya kompyuta. Sina ugomvi nayo. Ila sitaki habari za mzee mzipate kwa Kibwana, fundi bodi, ambaye kila akisimulia huongeza chumvi na pilipili.

Nilifika gereji mara ya kwanza na bahasha ya vyeti kwapani. Nilikuwa nimemaliza chuo, uhandisi wa mitambo, na nimezunguka ofisi za Tanga nzima nikiambiwa niache namba ya simu. Eliezeri ni Mshambaa wa Lushoto, Mlutheri, ambaye baba yake aliteremka zamani kuja kukata mkonge na hakupanda tena mlimani. Aliitazama bahasha bila kuifungua.

"Pale kuna mzee wa kabureta," alisema. "Akikufukuza, usirudi kwangu kulia."

Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda, kofia iliyoshonwa kwa mkono kichwani, ovaroli iliyopauka mpaka rangi yake haijulikani. Alikuwa mtu wa Mtang'ata, mwembamba, na vidole vyake vilikuwa virefu kuliko vya watu wa kazi hii.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua gari?"

"Nimekuja kazini."

Akanitazama miguuni. Nilikuwa na viatu vya usaili. "Na hivyo viatu umekuja navyo vifanye nini?"

Akanipa sufuria yenye petroli na kabureta iliyofunguliwa vipande vipande. "Osha. Ukimaliza, usinambie umemaliza. Nambie umeona nini."

Nikaosha asubuhi nzima. Kichwani nilikuwa nalo jibu la kila swali ambalo angeweza kuniuliza: hewa na mafuta vinachanganyika kwa uwiano gani, kwa nini hewa ikipita penye uwazi mwembamba huvuta mafuta. Aliponiuliza nimeona nini, nikasema nimeona uchafu.

"Uchafu wa namna gani?"

Sikujua kwamba uchafu una namna. Akatia mikono sufuriani, akanionyesha kimoja kimoja. Vumbi jekundu ni kutu ya tangi, kwa hiyo usihangaike na kabureta kabla ya kulisafisha tangi. Ute wa kijani ni maji yaliyolala humo muda mrefu. Kitu kama asali iliyoganda ni petroli yenyewe, ya gari lililokaa bila kutembezwa. "Hapa pana habari ya gari zima," alisema. "Weye ungeimwaga na petroli ya kuoshea." Hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayesikitika chai kupoa.

Nitayaandika hapa mengine machache aliyonifundisha, kwa sababu bado mnakutana na pikapu moja moja, na jenereta, na pikipiki za zamani. Gari likija linakohoa, usiguse kabureta. Tazama kwanza kama petroli inafika. Kisha tazama moto: plagi, koili, waya. Kisha hewa: chujio, mipira, na gaskiti, ile karatasi ngumu inayoziba maungio. Kabureta iwe ya mwisho. Fundi alikuwa akisema kabureta ni kama shemeji anayeishi kwenu. Kijiko kikipotea, macho yote kwake. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi, mafuta yamezidi. Ikitoka nyeupe kama mfupa, hewa imezidi. Unataka rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa kidogo. Jeti, yaani kile kitundu kinachopimia mafuta, usiichokonoe kwa waya hata siku moja, maana ukikipanua kwa unene wa unywele, gari halitakusamehe. Yeye alitumia mzizi wa unyoya wa kuku, na kisha pumzi ya mdomo wake. Choki, kile kifuniko cha kuzuia hewa injini ikiwa baridi, kwa joto letu hili haina kazi kubwa, na nusu ya magari yanayomeza mafuta Tanga yana choki iliyoganda nusu njia na mwenyewe hajui.

Mimi nilikuwa mtu wa kufungua. Nikishafunga kabureta, shaka inaniingia: je, ile sindano ya boya ilikaa sawasawa? Naifungua tena. Nafunga, nakumbuka gaskiti. Nafungua tena. Siku moja Fundi alinitazama mpaka akaweka kikombe chini.

"Injinia, iache. Umeivua nguo mpaka imeanza kuona haya."

Jina la Injinia likanibakia. Kwa Kibwana lilikuwa kejeli, kwa Fundi lilikuwa jina tu.

Sasa kuna jambo ambalo ninyi hamkulikuta. Gereji ile mnavyoijua ni makelele: nyundo za Kibwana, mashine ya kuchomelea, redio ya mtu, Eliezeri na simu yake. Lakini Fundi Sefu alipofika hatua ya mwisho, kabureta imeshafungwa, injini ina joto, iko sailensi, yaani inanguruma yenyewe bila mtu kukanyaga mafuta, alikuwa akiinua mkono wa kushoto. Basi. Kibwana anaweka nyundo chini. Redio inazimwa. Eliezeri, mwenye gereji, anatoka na simu yake mpaka barabarani. Hata wateja wanaacha kutafuna. Katika kimya hicho Fundi anaizungusha skurubu ya hewa kuelekea ndani, taratibu, mpaka injini inaanza kigugumizi. Kisha anairudisha nje mpaka inaanza kuyumba. Halafu anatafuta katikati, mahali ambapo injini inatulia kama mtu aliyeshiba. Akipapata anateremsha mkono, na makelele yanarudi. Ilikuwa haizidi muda wa kumimina kahawa kikombeni. Hakuna aliyeweka sheria hiyo. Nilipomuuliza Kibwana ilianzaje, alisema aliikuta, na aliyemfundisha yeye naye aliikuta.

Kulikuwa na kesi ngumu nyingi na nyingine sitaki kuzikumbuka. Pikapu moja ya muuza samaki wa Moa ilituhangaisha mpaka yule bwana akaanza kulala kwa ndugu zake hapa mjini. Kila tukiisafisha inakwenda, ikifika kwao inakufa. Mimi nilijaza ubao mzima mahesabu. Fundi akamuuliza mafuta anatia wapi, akasema kwenye vidumu, kwa jirani. Vidumu hivyo jirani anavikosha na nini? Na maji ya bahari, maana ya bomba ni ya kununua. Tukacheka wote, na mwenye pikapu akacheka mwisho. Safari nyingine alikuja mchungaji wa kutoka Lushoto, gari lake tulilitengeneza vizuri kabisa, likafika kwao likitoa moshi mweusi kama tanuri. Nikamweleza Fundi kwamba kule juu hewa ni nyembamba, kwa hiyo mafuta yaleyale yanakuwa mengi mno. Akasikiliza mpaka mwisho. Kumbe miaka yote alikuwa akiwapunguzia mafuta watu wa milimani bila kujua ni kwa nini, na siku hiyo alisahau kumuuliza mchungaji anakaa wapi. Aliniambia nimweleze tena, polepole. Nadhani ndiyo siku niliyofurahi kuliko zote kazini.

Kisha kile kimya kikaanza kurefuka.

Mwanzoni sikukitilia maanani. Mkono umeinuliwa, sisi tumesimama, Fundi anazungusha skurubu ndani, nje, ndani. Tunatazamana. Kibwana anabadilisha mguu wa kusimamia. Mteja anakohoa. Fundi bado yuko pale, shingo imepinda, sikio limeelekea injini, macho yamefumba. Nilijiambia ni uzee, anafanya kwa uangalifu zaidi. Nilijiambia magari yamechakaa zaidi. Nina ufundi wa kujitafutia sababu. Mke wake alikuwa ameshaanza kumpigia kelele akimpigia simu, na nilidhani ni ubovu wa simu.

Siku yenyewe ilikuwa mwishoni mwa Ramadhani, watu wamechoka na kiu. Fundi akainua mkono. Tukanyamaza. Kibwana alikuwa chini ya basi dogo na hakuuona mkono, akaendelea kugonga. Nyundo juu ya bati, ndani ya banda la bati. Mimi nilishtuka nikataka kwenda kumzuia. Lakini Fundi hakugeuka. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu aliye katika kimya kizuri. Akazungusha skurubu kidogo, akatikisa kichwa kuridhika, akateremsha mkono.

"Nimeipata," akasema.

Kibwana alikuwa ametoa kichwa chini ya basi. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Injini ile ilikuwa inayumba.

Baada ya sikukuu watu wakaacha kunyamaza. Si wote kwa mara moja. Kwanza redio haikuzimwa, iliteremshwa tu. Kisha haikuteremshwa. Eliezeri akaacha kutoka nje na simu. Mkono ulikuwa ukiinuliwa pale pale, katikati ya makelele yote, na chini yake mzee amefumba macho. Sijapata kuona kitu kilichoniuma kama mkono ule.

Na Kibwana, ambaye si mtu mbaya, mnamjua, alianza mzaha. Alimsogelea Fundi siku moja kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Fundi, hii kabureta umeitengeneza ya gari au ya cherehani?"

"Alhamdulillahi, mwanangu," Fundi akajibu. "Na wewe je?"

Watu wakacheka. Fundi akatazama nyuso zao, akaona wanacheka, naye akacheka.

Bi Moza ndiye aliyeniletea mambo mpaka mlangoni. Wengine mmemwona, bibi wa Kimanga mwenye miwani mikubwa, na gari lake lile la bluu ambalo sasa anaendesha mjukuu wake, na bado linatembea. Wakati huo aliliendesha mwenyewe. Lilikuwa la marehemu mume wake. Kila wiki alikwenda Mwera kwenye mashamba yao ya minazi, kwa sababu, alivyosema, nazi zisipomwona mwenyewe zinaanguka kwa jirani. Tangu enzi za mume wake gari lile lilitengenezwa na mtu mmoja tu, Fundi Sefu.

Alilileta Mfungo Mosi. Likiwa mwendoni ni zima, likipunguza mwendo kwenye matuta linazima. Fundi akafungua boneti, na mimi nikiwa nimesimama hatua kadhaa nyuma nikasikia mluzi. Mwembamba, mrefu, kama mtu anayevuta pumzi kwenye pengo la jino. Ninyi mnaujua. Ni hewa inayopenya mahali pasipo pake, kwa kawaida kwenye gaskiti iliyo chini ya kabureta, ikiwa imekauka na kusinyaa. Ukiusikia, husogelei skurubu. Unabadilisha gaskiti, umemaliza.

Fundi akainua mkono, akaisogeza skurubu. Aliongeza mafuta mpaka injini ikakaa. Akafunga boneti.

Lilirudi baada ya siku chache. Akaongeza tena. Lilirudi tena, na safari hii Bi Moza hakwenda kwake moja kwa moja. Alinivuta kando, penye matairi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mwanangu, fundi wangu ana nini?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Usiniulize kwa nini, miye ndiye ninayeuliza. Juzi gari limenizimikia kwenye mteremko. Breki zikawa ngumu kama nakanyaga ukuta. Mtu wa bodaboda alikuwa mbele yangu na mkewe, na mtoto mgongoni. Nimemkosa kwa upana wa kanga. Nilisimama pale mpaka wao ndio wakanipa maji."

Nilijua kwa nini. Breki za gari lile hupata nguvu kutokana na mvuto wa injini, na injini ikizima, nguvu hiyo huisha. Mguu wa kijana unaweza kulisimamisha. Mguu wa Bi Moza, ilikuwa bahati.

"Bibi, niruhusu nilitazame mimi. Ni kitu kidogo."

Aliniangalia kwa mshangao, kama nimemwomba anipe chumba chake cha kulala. "Gari hili lina fundi. Nikilitoa mikononi mwake, nimemwambia nini? Mume wangu alipokuwa kitandani, huyu ndiye aliyekuwa anakuja kulipasha moto kila Ijumaa ili betri isife, hakuitwa, hakulipwa. Aniambie mwenyewe kwamba nimtafute mwingine, hapo sawa."

"Na mpaka aseme?"

"Mpaka aseme nitaendesha polepole."

Nikaenda kwa Eliezeri. Alikuwa anajua. Alinisikiliza akiwa anapanga risiti, akasema niwe nakaza nyuma yake. Mzee afanye ya kwake, akienda kuswali, nirekebishe. Mwisho wa mwaka angempumzisha kwa heshima na meza ingekuwa yangu. "Hata hajui, hata haumii," alisema. Alisema kwa huruma, na nililala na huruma hiyo siku nyingi nikiipima. Ilikuwa na akili. Ila nikajiuliza, siku nikiwa mgonjwa? Siku gari likitoka akiwa bado hajaenda kuswali? Na mimi nikimtazama usoni kila asubuhi nikimwamkia, nitakuwa namwamkia nani? Halafu nikajiuliza upande wa pili: mimi ni nani wa kumwambia? Nina kitu cha kupata, meza yake. Kila neno nitakalosema litanuka meza. Nikimtuma mkewe, nimemdhalilisha nyumbani kwake. Nikimwomba imamu, msikiti mzima utajua. Kunyamaza nako kulikuwa na mtu wa bodaboda na mkewe na mtoto mgongoni.

Nikajaribu njia ya kuzunguka, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuzunguka. Niliagiza geji ya mvuto, ile unayoiunga kwenye mpira wa injini na mshale unakuonyesha kama hewa inavuja. Niliona nimepata dawa: macho yake yalikuwa mazima, asome badala ya kusikiliza, na hakuna haja ya kusema lolote. Nikamletea, nikamwonyesha kwa ishara. Akaigeuzageuza.

"Saa gani hii isiyosema saa ngapi?"

"Inasoma mvuto wa injini, Fundi. Mshale ukitetemeka, kuna hewa inaingia."

"Eeh?"

Nikarudia kwa sauti. Kibwana akateremsha nyundo kusikiliza. Fundi akanirudishia geji mkononi, kwa upole. "Nzuri. Waonyeshe vijana. Miye injini huniambia yenyewe."

Wiki iliyofuata Bi Moza akalileta gari tena. Alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, na mguu wake wa kulia alikuwa akiukandakanda kwenye goti. Fundi akafungua boneti, mluzi ukatoka, mkubwa sasa, mpaka kijana wa chipsi ng'ambo ya barabara akageuza uso. Fundi akainua mkono. Nyundo zikaendelea.

Siwezi kusema niliamua. Wenzangu wanaofikiri kwa kiasi huamua. Mimi niliona tu mkono wangu umeshachukua ufunguo wa gari. Fundi alipofunga boneti, nikamgusa bega, nikaonyesha barabara, nikazungusha vidole hewani kama usukani. Twende tukalijaribu. Akafurahi. Alipenda kulijaribu gari barabarani, alikaa kiti cha abiria na kiganja amekilaza juu ya dashibodi.

Niliendesha kuelekea njia ya Pangani. Nilipita kituo tunachogeuzia siku zote. Alinitazama. Niliendelea mpaka nyumba zikaisha na mkonge ukaanza pande zote mbili, mistari kwa mistari, bila mtu hata mmoja. Nikaegesha pembeni, nikaiacha injini inanguruma, nikatoka, nikafungua boneti. Fundi akaja akasimama upande wa pili.

"Imefanya nini?"

Mluzi ulikuwa pale, katikati yetu. Hakukuwa na upepo, hakukuwa na nyundo wala redio, ulikuwa wazi kuliko sauti yangu mwenyewe. Alikuwa ameinamia injini, sikio lake lipo juu yake kabisa.

Sikuwahi kumshika mkono mzee yule. Siku ile nilimshika. Nilikichukua kidole chake cha shahada nikakipitisha chini ya kabureta, kwa nyuma, pale ambapo huwezi kuona, taratibu kwa sababu pana moto, mpaka kikafika kwenye gaskiti. Niliona ngozi ya uso wake inabadilika kabla sijaachia. Hewa ilikuwa imekinyonya kidole. Injini, ufa ulipozibwa, ikashuka ghafla na kuanza kuzama kwa mafuta mengi aliyoyaongeza. Akaondoa kidole, ikarudi kuyumba. Akakirudisha. Akaondoa. Alifanya hivyo mara nyingi zaidi ya zilizohitajika kwa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote.

Kisha akanitazama, si macho. Alinitazama midomo.

"Inalia?"

"Inalia, Fundi."

Aliendelea kuitazama midomo yangu. Nikasema tena kwa nguvu zaidi. Akasogea. Nikavuta pumzi, nikalisema kwa sauti yangu yote, katikati ya mkonge, jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miezi miwili bila kupata sauti ya kulisemea.

"Inalia, Fundi. Inalia tangu ilipoletwa mara ya kwanza."

Akatikisa kichwa taratibu. Akatoa kitambaa mfukoni, akafuta kidole, akakifuta tena kikiwa kimeshatakata.

"Kwa sauti kubwa?"

"Kubwa."

"Na ninaponyanyua mkono," akasema, na hapo sauti yake mwenyewe ikawa ndogo sana, kama mtu ambaye hajui tena asemapo anasikikaje. "Ninaponyanyua mkono, bado wananyamaza?"

Hapakuwa na shahidi. Ningeweza kusema ndiyo, na siku alipoacha kazi angerudi na hilo moja kwao Mtang'ata. Nilikuwa na muda wa kulifikiria, na mara moja tu maishani sikuutumia.

"Hawanyamazi, Fundi," nikapaza sauti. "Wameacha tangu sikukuu."